Gunia la Viazi Ambalo Sikulibeba

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Redio tatu mezani, zote bubu. Sijagusa hata moja. Nina kazi kubwa zaidi.

Jana Falonne amenipa habari. Baba yake hana neno juu yangu. Mama yake pia hana. Lakini mwenye kusema ndiyo au hapana ni shangazi yake, Mama Kavuo, anayekaa Beni. Na Mama Kavuo hapokei wazee wa mchumba kabla hajauliza. Ndiyo desturi. Hamuulizi kijana mwenyewe. Anauliza watu: kanisani, sokoni, kwa majirani, kwa waendesha pikipiki. Kijana huyo ni mtu wa namna gani? Ana hasira? Anaamka saa ngapi? Anauliza wiki mbili, halafu anatoa jibu, na jibu lake halibadiliki. Mwaka jana binamu ya Falonne alikosa mume kwa sababu jirani mmoja alisema yule kijana hupiga mbwa teke.

Wiki mbili! Na juu yangu watasema nini? Nimefikiri kutwa nzima. Siméon, fundi wa redio na simu hapa Butembo, miaka thelathini na mmoja, mrefu, huchelewa. Basi. Hakuna atakayenisema vibaya. Shida ni kwamba hakuna atakayenisema kabisa.

Na yupo Ésaïe. Ésaïe naye anamtaka Falonne. Anapitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya Kasindi na viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope. Watu wenye viatu vile husifiwa bila kusukuma neno. Mimi itabidi nisukume.

Bila Falonne sijui nitafanya nini. Nimeandika hivyo ili ijulikane.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Mpango tayari! Nimechora maduara matano nyuma ya karatasi ya kalenda. La kwanza, kwaya ya kanisa letu. La pili, waendesha pikipiki. La tatu, wamama wa viazi sokoni. La nne, timu ya mpira ya maveterani. La tano, wauguzi na wagonjwa wa zahanati. Dunia tano zisizojuana! Mama Kavuo akiuliza huku, sifa. Akiuliza kule, sifa ile ile. Atasema hawa watu hawajuani na wote wanasema jambo moja, kwa hiyo ni kweli.

Sifa yenyewe nimeitunga kwa makini. Fupi, nyepesi kubeba. Siméon alimkuta mama mzee chini ya mlima wa Vungi, mvua inanyesha, gunia la viazi liko chini. Akalibeba mpaka juu. Akakataa hata asante.

Sikubeba gunia. Sijawahi kubeba gunia. Mgongo wangu ni dhaifu tangu utoto. Lakini kama ningemkuta mama huyo, labda ningebeba.

Nani aanze? Siwezi kujisifu mwenyewe. Nimemwambia Jemima peke yake. Jemima anauza chai na mikate ya mafuta mlango wa pili kutoka kwangu, na katika mji huu ndiye pekee anayejua kunyamaza. Hasemi kitu. Anauliza tu. Leo ameuliza dakika arobaini: kwa nini, kwa ajili ya nani, shangazi anakaa Beni upande gani, gunia lilikuwa na uzito gani. Nikamwomba anitafutie mtu mmoja katika kila duara. Akajibu kwamba hiyo si kazi. Kwaya, anaimba yeye mwenyewe. Pikipiki, Éliakim ni shemeji yake. Viazi, ananunua kila asubuhi. Maveterani, kipa ni mume wake. Zahanati, dada yake ndiye anayefua mashuka. Bahati iliyoje!

Alipokuwa akiondoka aliweka kikombe chake cha chai juu ya karatasi yangu. Kimeacha alama ya duara la sita, katikati kabisa, limegusa yale mengine yote matano. Karatasi imeharibika. Nimempa afungie mikate na nitachora nyingine.

Jumatano, tarehe 4 Oktoba

Siamini. Neno limetoka jana saa kumi alasiri. Leo saa mbili asubuhi kinyozi ananisimulia, mimi mwenyewe, kwamba kuna kijana wa redio aliyebeba magunia mawili. Mawili!

Kinyozi hayumo katika duara lolote. Nimemuuliza nani kamwambia. Muuza sabuni. Na muuza sabuni aliambiwa na nani? Na mwanamke aliyeshuka kwenye lori la Kasindi. Kasindi! Neno langu limefika mpakani, limegeuka, limerudi, na limebeba gunia la pili njiani. Mimi katika saa hizo nimelala tu na kuamka. Nimekaa kwenye kile kiti mdomo wazi mpaka kinyozi akaniomba niufunge ili amalize sharubu.

Nimemsimulia Jemima. Alishangaa sana. Alikuwa kwenye simu na mtu wa Beni, mambo ya unga, akakata ili anisikilize vizuri.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba

Habari za gunia mpaka leo jioni. Sokoni: mama mzee alikuwa kipofu wa jicho moja. Maveterani: mto Kimemi ulikuwa umefurika, nikavuka maji yakiwa kifuani. Zahanati: juu ya gunia alikaa mjukuu mwenye homa, nikambeba pamoja na gunia.

Sikutunga hata moja ya hayo! Na sidhani kuna mtu aliyekusudia kuongopa. Kila mmoja ameongeza kidogo tu, kama mtu anayepita karibu na sufuria ya mwenzake na kutia chumvi. Nimesimama mlangoni nikiangalia watu wanavyopanda na kushuka na vikapu vyao. Kila mmoja wao anajua mtu anayejua mtu. Nimeona mji huu miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza kuuogopa kwa furaha.

Jambo dogo. Nimemnong'oneza Jemima kwamba Ésaïe hasalimii wazee. Mzaha tu. Sikumwomba amwambie mtu. Yeye aliuliza tu wazee gani.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Mahubiri! Mchungaji amemtaja kijana mmoja wa mji wetu, bila jina, aliyemvusha mama mzee, mjukuu na magunia matatu katikati ya mafuriko. Kanisa zima likaguna. Mama mmoja nyuma yangu akatoa leso. Na mimi machozi yakanitoka. Nilimpenda yule kijana. Nilitaka kumfahamu. Nilijiona mdogo mbele yake, nikaahidi moyoni kwamba nitajitahidi kuwa kama yeye.

Halafu nikakumbuka ni nani. Kitu nilichokinong'ona Jumanne kando ya birika la chai, Jumapili kiko mimbarani.

Nje nikamkuta Ésaïe akinisubiri, viatu vinang'aa. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kisha akawasalimia wazee wote wa benchi, mmoja mmoja, akiinama, kila mmoja kwa jina lake. Walikuwa tisa. Kisha akarudi kwangu, akasema kwa upole kwamba huko Kasindi mbadilisha pesa mmoja amemwambia kuwa Siméon, fundi wa redio wa Butembo, anasema Ésaïe hasalimii wazee.

Siméon! Fundi wa redio! Sifa zangu zinasafiri bila jina langu mpaka kanisani, lakini uchongezi wangu umevuka vizuizi vyote na kadi yangu ya mchaguzi, yenye jina na picha, mkononi. Wazee tisa sasa wanampenda Ésaïe.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Saa tatu asubuhi, mvua. Mlangoni kwangu amesimama mama mzee, umbo dogo sana, mwavuli mkubwa sana. Kando yake gunia la viazi. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema: "Weye njo Siméon wa kubeba?"

Jina lake ni Mama Godelive. Anatoka Luofu. Luofu! Siku nzima ya barabara mbovu! Huko kwao amesikia kwamba Butembo kuna kijana anayebebea wamama. Kutoka Luofu mpaka mlangoni kwangu ameuliza watu watatu tu: dereva, mpakiaji wa lori, na Jemima. Watu watatu! Mimi nikitafuta msumari kwenye kibanda changu nauliza zaidi ya hapo.

Nikaeleza habari za mgongo. Nikaonyesha redio. Lakini watu walikuwa wameanza kusimama. Kinyozi. Muuza sabuni. Wanakwaya wawili. Hakuna aliyecheka. Wote waliisimulia hadithi hii wiki nzima na sasa wamepata bahati ya kuiona. Waliniangalia kwa imani kubwa kiasi kwamba nikaona haya. Nikainama.

Mlima wa Vungi una kona tatu. Kona ya kwanza nilimwita Mungu. Kona ya pili nilimwita mama yangu. Kona ya tatu sikuwa na pumzi ya kumwita mtu. Mama Godelive alinifuata nyuma na mwavuli, akinisimulia wakamwana wake wanne na makosa ya kila mmoja. Juu kabisa akanishukuru kwa lugha ya kwetu: "Wasingya, mwana wangu!" Nilitaka kujibu asante kwa lugha yoyote. Sikuweza. Nikatikisa kichwa tu.

Watu wakaambiana: mnaona? Anakataa hata asante.

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Jumanne walikuja watatu. Jana watano. Leo asubuhi foleni ilifika kwa kinyozi. Viazi, ndizi, mkaa, mashine moja ya kushonea. Mama mmoja ametoka njia ya Manguredjipa na mbuzi asiyetaka kupanda mlima. Nimembeba na yeye.

Siwezi kukataa! Wiki mbili hazijaisha. Katika foleni hii yeyote anaweza kuwa sikio la Mama Kavuo. Kwa hiyo nabeba, natabasamu, nakataa asante. Jana kona ya pili gunia limepasuka na viazi vikashuka mpaka barabarani. Nimeviokota kimoja kimoja kwenye matope, na mwenye gunia akavihesabu.

Jioni Falonne alipita akitoka shuleni anakofundisha. Alinikuta nimekaa juu ya jiwe. Aliuliza kwa nini nisiache watu waseme ukweli. Ukweli gani? Kwamba nampenda, akasema. Nikamweleza kwamba huo hauna nguvu kwa mashangazi. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanifuta tope sikioni kwa pembe ya kitambaa chake. Sikio hilo sijaliosha.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Beni! Mama Kavuo ameniita. Bila sababu, bila maelezo: Siméon aje Jumamosi. Sikulala.

Éliakim amenipeleka kwa pikipiki. Jemima amempa kifurushi cha kushusha njiani, sikuuliza cha nani, nilikuwa naomba. Kila tuliposimama watu walinijua. Kwenye kizuizi askari alinibonyeza bega, akamwita mwenzake naye abonyeze. Sijawahi kufika Beni mwaka huu, na Beni inanijua!

Mama Kavuo alikuwa uani, peku, anageuza kakao iliyoanikwa juu ya turubai kwa miguu yake. Alikuwa mkunga miaka thelathini, nusu ya mji imepita mikononi mwake na nusu nyingine imewaoa hao. Amenikaribisha kiti, amemimina chai, na bila kuacha kugeuza kakao amesema alijua tangu Jumanne ile ya kwanza jioni kwamba hakuna gunia.

Tangu Jumanne! Kabla sijala chakula cha usiku!

Nikauliza alijuaje. Akasema watu walimletea habari ile kutoka pande tano, na yeye alimuuliza kila mmoja wao swali moja tu: huyo mama ni mama wa nani? Hakuna aliyejua. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Akauliza, nimesahau nilizaliwa wapi? Kwetu mama mzee ana wakamwana. Mgeni akimbebea gunia, wakamwana wanaona aibu, wanagombana, wanatafuta kuku wa kumpelekea huyo mgeni, na Vungi nzima inajua ni nyumba gani. Mama mzee asiye na nyumba, asiye na jina, asiye na mkamwana hata mmoja! Huyo hajawahi kuzaliwa, akasema, na yeye anajua waliozaliwa.

Maduara, kwaya, maveterani, na sikumpa mama yule hata jina! Niliangalia kakao. Nilimwona Falonne anaondoka na viatu vinavyong'aa. Nikamwambia Mama Kavuo anisamehe, nikasimama niende.

Akaniambia nikae, hajamaliza. Mama Godelive ni dada wa marehemu mama mkwe wake. Ni yeye Mama Kavuo aliyemtuma kwangu, aone nitakavyomfukuza. Sikumfukuza. Nikauliza na wale wengine wote kawatuma nani. Hakuna, akasema. Hao wamejituma. Magunia kumi na saba na mbuzi mmoja. Alijua hesabu! Alijua gunia lililopasuka na kona lilipopasukia. Alijua kwamba sikumfokea mtu. Alijua hata habari za sikio, na hiyo sikumwambia mtu yeyote isipokuwa Jemima.

Kisha akaacha kugeuza, akasema: "Maneno yako ni ya bongo, mutoto. Mais mabega ni ya kweli. Bazee yako bakuye."

Waje! Maneno ya uongo, lakini mabega ya kweli, na wazee wangu waje! Nililia palepale. Mama Kavuo akanisogeza pembeni kwa goti, nisilowanishe kakao.

Sharti lake ni moja. Nisizungushe neno tena maisha yangu yote. Nikiwa na jambo, nilitamke kwa mdomo wangu, mbele ya anayehusika. Nimeapa. Alileta Biblia, nikaapa tena. Nilimuuliza nani alimpa habari ile Jumanne. Akacheka tu, akanisogezea mikate ya mafuta. Mitamu kama ya Jemima! Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kalenda yenye maduara matano na jingine katikati. Kumbe hata Beni wapo watu wenye mipango.

Jumatatu, tarehe 23 Oktoba

Jana wazee wa pande mbili wamekaa. Mambo yote mazuri! Falonne alivaa kitenge cha manjano na hakuniangalia hata mara moja, maana yake aliniangalia sana. Ésaïe alituma salamu kwa wazee wote. Limebaki jambo la mahari tu. Wanataka mbuzi kumi na wawili.

Kumi na wawili ni wengi. Nimeapa na kiapo ni kiapo. Lakini nimekisoma tena kichwani, polepole. Niliapa juu ya maneno ya watu. Mbuzi si watu.

Kwa hiyo neno dogo, la mwisho kabisa: mwaka huu mbuzi wa Butembo wanakohoa. Mama Kavuo akilisikia ataona huruma, atasema walete wanane, wale wazima. Na safari hii nimejifunza. Hakuna maduara matano. Nimemwambia mtu mmoja tu, Jemima, saa mbili asubuhi, mlango umefungwa. Hakusema kitu. Aliuliza tu kikohozi ni kikavu au kina makohozi.

Saa tano simu ikalia. Ujumbe wa Mama Kavuo. Anatoa pole kwa ugonjwa wa mifugo yetu. Anasema kwake mbuzi anayekohoa huhesabiwa nusu, basi tulete ishirini na wanne.

Ndani ya saa tatu tu! Niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Nilivua kofia. Sijui mwanamke huyu anasikia kwa nini, kwa miguu labda, kupitia kakao. Ni ajabu kubwa kuliko zote nilizoziona, na mimi nimeona viazi vikihubiriwa kanisani.

Lakini pia inamaanisha kuna mtu anayetoa habari. Kuna msaliti! Mchana wote nimemtafuta kwa utaratibu. Nimeandika majina kwenye karatasi mpya na kuyafuta moja moja yale nisiyoyaamini. Kinyozi, nimemfuta, anaongea mno. Muuza sabuni, nimemfuta. Éliakim, anakwenda Beni kila siku, nimemfuta kwa mistari miwili. Mama Godelive, askari wa kizuizini, mchungaji. Nimemfuta Falonne kwa penseli, kwa sababu ni Falonne.

Limebaki jina moja katika karatasi nzima. Nimeliangalia muda mrefu, na moyo wangu umetulia. Katika mji kama huu, Mungu ameniachia mtu mmoja wa kuamini.

Kesho asubuhi nitamweleza Jemima mpango mpya.